Tyubu ya LED Itaingia, Ila Fungua Fitingi Kwanza

Ilikuwa jioni ya Oktoba, kipindi ambacho minada ya korosho imeanza na Mtwara mjini kila mtu ana haraka. Kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme karibu na Soko Kuu, mama mmoja mwenye kibanda cha kubangua korosho upande wa Mikindani alikuwa ameshika tyubu mbili. Mkono huu ile ya zamani, ncha zimeshakuwa nyeusi. Mkono huu LED mpya, bado iko kwenye boksi lake.

"Mwanangu, hii itaingia palepale?"

Kijana akapima kwa macho. "Itaingia, mama."

Akachukua kumi.

Kijana hakumdanganya. Tyubu ya LED ya futi nne imetengenezwa makusudi ilingane na ile ya floresenti: urefu wa milimita 1200, miguu miwili kila ncha, nafasi ya milimita 13 kati ya mguu na mguu. Itaingia kwenye holda, itazungushwa, itakaa. Lakini jibu lile limenikaa kichwani wiki kadhaa, kwa sababu kuna maswali matatu ambayo hakuna aliyeyauliza pale kaunta. Ndani ya fitingi, kinachozuia mkondo wa tyubu ni choki ya chuma au balasti ya elektroniki? Stata, kile kidude cha kuiwashia tyubu, ipo? Na tyubu yenyewe inapokea umeme kwenye ncha moja au ncha zote mbili?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama taa kumi zitawaka, zitapepesa, au zitarusha breka mara tu swichi inapobonyezwa.

Nataka watu wabadilishe. Ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu.

## Mita inasoma nini

Tyubu ya zamani ya futi nne imeandikwa 36W, zile nene zaidi 40W. Mita haisomi namba hiyo. Choki iliyo ndani ya fitingi nayo inakula kama wati 9, zote zinaishia kuwa joto. Jumla ni wati 45 kwa taa moja. LED ya futi nne iliyo ya kweli inakula 18, na hizo 18 zimeshajumlisha draiva yake, yaani kisakiti kilicho ndani ya tyubu kinachoilisha LED umeme.

Tofauti ni wati 27 kwa kila taa.

Chukua kibanda cha taa kumi, chenye madirisha machache, kinachowasha saa tisa kwa siku, siku 26 za mwezi. Wati 270 mara saa 9 ni yuniti 2.43 kwa siku, yuniti 63 kwa mwezi. Mteja wa tarifu T1, ile ya matumizi ya kawaida pamoja na biashara ndogo, anatozwa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Ikishafika kwenye risiti ya LUKU inazidi 350 kidogo. Hiyo ni kama elfu ishirini na mbili kila mwezi kwa taa kumi tu. Tyubu iliyonunuliwa elfu saba inajilipa ndani ya miezi mitatu na siku chache.

Sasa twende nyumbani. Taa mbili, saa tano kila usiku: yuniti 8 kwa mwezi. Aliye kwenye D1, ile tarifu ya shilingi 100 kwa anayetumia hadi yuniti 75 kwa mwezi, anaokoa pesa isiyofika elfu moja. Akinunua tyubu mbili za elfu saba saba, atasubiri zaidi ya mwaka ndipo pesa yake irudi.

Hapo ndipo maneno ya "punguza bili yako kwa nusu" yanapoanza kunitia shaka. Bili ya nyumba ya D1 inaliwa na friji na pasi; tyubu mbili zina sehemu ndogo. Nyumba hiyo itafaidika iwapo tu tyubu itadumu, na habari ya kudumu nitaifikia.

Isipokuwa nyumba moja: ile inayozunguka kwenye mpaka wa yuniti 75. Kila yuniti inayozidi hapo hutozwa 350 kabla ya kodi, mara tatu na nusu ya bei ya kawaida. Anayemaliza mwezi na yuniti 80, zile 8 za taa ndizo zinazomrudisha ndani ya mpaka.

Kama huamini maandishi ya kwenye boksi (na usiyaamini, kuna tyubu zimeandikwa 36W kubwa wakati maana yake ni "mbadala wa 36W", na nyingine zimeandikwa 18W zikala 12 na mwanga wake ni wa 12), mita yako ya LUKU ina kipimo. Usoni pameandikwa idadi ya mapigo kwa yuniti, mfano 1000 imp/kWh, na kuna kitaa kidogo chekundu kinachomweka. Kwa mita ya 1000, kila mmweko ni wati-saa moja. Zima kila kitu, chomoa chaja na friji, washa taa tu. Taa kumi za zamani, wati 450, zitamwekesha kitaa kila sekunde 8. Taa kumi za LED, wati 180, kila sekunde 20. Ukikuta sekunde 15, piga hesabu mwenyewe: 3600 gawa kwa 15 ni wati 240, na hapo kuna mtu wa kurudi kumuuliza dukani.

## Hesabu ya jenereta

Kwangu mimi, hoja nzito zaidi haiko kwenye yuniti kabisa.

Tyubu ya 36W yenye choki inavuta ampea 0.43 kwenye waya. Zidisha kwa volti 230, utapata karibu 99. Lakini taa ilikuwa inakula wati 45, sasa hii nyingine imetoka wapi? Choki ni koili, na koili huvuta mkondo uliochelewa nyuma ya volti. Sehemu kubwa ya mkondo huo huenda na kurudi bila kufanya kazi. Mita ya LUKU inahesabu wati, kwa hiyo hulipii hiyo safari. Waya, swichi na jenereta ndizo zinazoibeba.

Fitingi zilitengenezwa na kapasita ya kusahihisha hilo. Katika fitingi nyingi za zamani kapasita imeshakufa au ilikatwa siku nyingi.

Kwa hiyo umeme ukikatika msimu wa kazi, taa kumi za zamani zinadai karibu VA 1,000 (yaani volti mara ampea; 1,000 ni kVA 1) kutoka kwenye jenereta. Jenereta ndogo ya kVA 1 imekwisha hapo, hata feni huwezi kuongeza. Taa kumi za LED zenye draiva nzuri zinadai kama VA 200. Jenereta ileile sasa inabeba taa, feni na mzani wa kielektroniki, na mafuta yanapungua kwa sababu injini haisukumwi hadi mwisho.

Kwenye yuniti umeokoa asilimia 60. Kwenye mzigo wa jenereta umeokoa asilimia 80. Kwa ghala la korosho, kwa zahanati, kwa yeyote anayewasha sola yenye inveta, namba hii ya pili ndiyo ya kuitazama kwanza.

Kuna na volti za jioni. Nyumba iliyo mwisho wa laini, saa moja usiku watu wote wamewasha, volti inashuka. Stata ya zamani ina kikombe cha gesi na bamba la metali mbili linalojikunja kwa joto. Volti ikiwa ndogo bamba linajikunja na kujikunjua bila tyubu kushika, na kila jaribio linakwangua unga wa kwenye ncha za tyubu. Zile ncha nyeusi ndizo hizo. LED iliyoandikwa 100–265V au 85–265V inawaka mara moja bila kujali kama volti ni 180, na kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara hakuiumizi.

## Fungua fitingi

Sasa ile habari yenyewe. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, lakini mwenye taa akijua kinachofanyika atajua kama amefanyiwa.

Kwanza uzime kwenye meni swichi. Usiridhike na swichi ya ukutani, kwa sababu nyumba nyingi za zamani swichi imekata nyutro (waya wa kurudi) na laivu (waya unaoleta umeme) inabaki imelala kwenye holda usiku kucha. Dalili yake utaiona baadaye: LED ikizimwa inabaki na mwanga hafifu gizani. Watu hudhani tyubu ni mbovu. Tyubu ni nzima, swichi ndiyo imewekwa kwenye waya usio wake, na hilo lirekebishwe kabla ya kingine chochote.

Zungusha tyubu ya zamani robo mzunguko, ishushe taratibu. Fungua kava. Tazama.

Ukikuta bonge zito la chuma na kidude cha duara kama kizibo, hiyo ni choki na stata. Ukikuta kiboksi chepesi chenye waya nyingi na hakuna stata, hiyo ni balasti ya elektroniki. Hii ya pili inatoa umeme wa masafa ya juu sana, maelfu ya mizunguko kwa sekunde, wakati tyubu nyingi za LED zilizoko madukani zinangoja umeme wa kawaida wa mizunguko 50. Ukipachika bila kubadilisha, itapepesa au draiva itaungua. Balasti ya elektroniki iondolewe, isipokuwa boksi la LED limesema wazi inakubali aina hiyo.

Kwa fitingi ya choki kuna njia mbili, na mafundi wanabishana.

Njia ya kwanza ni kuacha waya zilivyo na kubadilisha stata tu. LED nzuri inakuja na stata yake ndani ya boksi. Kwa nje inafanana na ile ya zamani, ndani yake kuna fyuzi tu, yaani waya umepita moja kwa moja. Umeme unatoka kwenye choki, unaingia mguu mmoja wa ncha ya draiva, unatokea mguu wa pili, unapita kwenye stata ya LED, unafika ncha ya upande mwingine ambayo miguu yake miwili imeunganishwa ndani, unarudi nyutro. Ukisahau stata ya zamani pale ndani, umeme unakutana na kikombe cha gesi njiani: taa inapepesa au haiwaki kabisa. Nadhani hilo ndilo kosa linalorudisha tyubu nzima dukani kuliko yote, na tyubu hazikuwa na ubaya.

Njia ya pili ni kukata choki na stata, kupeleka umeme moja kwa moja kwenye holda. Choki ikiondoka unaokoa wati moja au mbili zaidi, mngurumo unaisha, na kitu cha kuharibika kinapungua. Kapasita nayo itoke. Kabla ya kuishika gusanisha miguu yake miwili kwa bisibisi yenye mpini mzuri wa plastiki, maana huweza kutunza chaji.

Hapa kwenye njia ya pili ndipo penye hatari, na ndipo ninapotaka usome polepole.

Kuna tyubu za ncha moja na za ncha mbili. Ya ncha moja inataka laivu kwenye mguu mmoja na nyutro kwenye mguu wa pili wa holda ileile. Holda ya upande wa pili inabaki tupu, inashikilia tu. Ya ncha mbili inataka laivu holda hii, nyutro holda ile. Boksi lina mchoro. Lisipokuwa na mchoro, liache dukani.

Kumbuka tulichosema: tyubu zile zinazokubali stata ya LED zina ncha moja iliyounganishwa ndani. Fundi akipeleka laivu na nyutro kwenye holda moja, halafu mtu akapachika tyubu kichwa chini, ile ncha iliyounganishwa inakutana na laivu na nyutro kwa pamoja. Hiyo ni shoti kamili. Breka itaruka kama ipo na ni nzima.

Multimita, kile kipimo cha umeme cha fundi, inakumalizia shaka kwa nusu dakika. Iweke kwenye mlio, gusa miguu miwili ya ncha moja, kisha ya ncha ya pili, tyubu ikiwa mkononi kabla haijapanda ngazi. Ncha inayolia ndiyo iliyounganishwa, na haipaswi kamwe kwenda kwenye holda yenye laivu na nyutro kwa pamoja. Ncha zote zikilia, tyubu ni ya ncha mbili. Pima na holda zenyewe zikiwa tupu: baadhi ya fitingi za balasti ya elektroniki holda zake zimeunganishwa kwa ndani, na hizo hazifai kwa tyubu ya ncha moja.

Tyubu ya ncha mbili ina hila yake. Ukiingiza ncha moja wakati umeme umewashwa, mkondo unaweza kupita kwenye draiva na kutokea kwenye miguu ya ncha uliyoishika. Aliye juu ya ngazi akirushwa, anguko linaweza kumdhuru kuliko umeme wenyewe. Kwa sababu hiyo peke yake mimi napendekeza ncha moja.

Waya ziungwe kwa konekta ya skrubu. Kusokota na kufunga tepu hakudumu pwani: gundi ya tepu inayeyuka kwa joto la dari, unyevu wa chumvi unaingia, shaba inageuka kijani. Waya wa ethi ubaki umefungwa kwenye mwili wa bati wa fitingi kama ulivyokuwa. Mafundi wengine huuona hauna kazi kwa kuwa LED haina mguu wa ethi. Kazi yake ni kukulinda na bati.

Halafu andika. Kalamu ya maka, ndani ya fitingi na kwenye kava: LED TU, LAIVU NA NYUTRO UPANDE HUU. Miaka mitatu baadaye mtu mwingine atapanda na tyubu ya floresenti aliyoikuta stoo. Bila choki ya kuzuia mkondo, volti 230 nzima itapita kwenye kawaya kembamba ka ncha moja, na kioo kinaweza kupasuka usoni pake.

Nichague njia ipi? Nyumba ya kupanga, shule, mahali ambapo fundi habaki yuleyule: njia ya kwanza, choki ibaki, stata ya LED. Inarudishika, na kosa la asiyejua lina hatari ndogo zaidi. Kibanda chako mwenyewe, taa zinawaka saa tisa kwa siku, fundi unamfahamu: toa choki. Na popote ambapo choki inanguruma kwa nguvu au imetoa harufu ya lami iliyoungua, itoke bila mjadala.

## Kwa nini nyingine hufa mapema

Vidoto vya LED vyenyewe ni nadra kufa. Kinachokufa ni draiva, na ndani ya draiva ni kapasita zile za mkebe, zenye maji maji ndani yake yanayokauka kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa kapasita hizo unapungua kwa nusu. Sasa iweke tyubu chini ya bati lisilo na dari, Lindi, mwezi wa Novemba, ndani ya kava la plastiki lililofungwa pande zote. Saa 30,000 zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa kwenye chumba chenye ubaridi wake.

Kwa hiyo mahali pa bati tupu, acha fitingi wazi bila kava, na iteremshe kwa minyororo iachane na bati. Tyubu yenye mgongo wa alumini hutoa joto vizuri kuliko ya plastiki tupu. Ya kioo nayo haipindi. Ya plastiki nyembamba ya futi nne ikikaa juu ya joto hulegea katikati, na siku moja mguu unatoka kwenye holda.

Chumvi ni adui wa pili. Mikindani, Shangani, Kilwa Masoko, kusi ikivuma inaingia nayo ndani. Vibati vya shaba ndani ya holda vinaota ukungu wa kijani, mgusano unakuwa hafifu, cheche ndogondogo zinaanza, plastiki inakuwa kahawia. Tyubu ya zamani ilikuwa inapepesa na kila mtu anajua ni mbovu. LED inavuta mkondo mdogo, kwa hiyo itawaka na kuzimika kama ina mashetani, na atalaumiwa muuza tyubu. Holda ni bei ndogo. Unapobadilisha tyubu kwenye fitingi iliyokaa pwani miaka kumi, badilisha na holda zote mbili.

Wa tatu ni mruko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Draiva za bei ya chini hazina kinga yoyote mlangoni. Wapo mafundi wanaosema choki ikibaki inapunguza makali, na wana hoja, koili hupinga mkondo unaopanda ghafla. Lakini haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Kinga ya kweli ni kifaa cha kukata mruko kwenye boksi la breka, au tabia ya kuzima breka ya taa umeme ukikatika na kuiwasha dakika chache baada ya kurudi.

Jaribio la dukani: mwambie muuzaji awashe, elekeza kamera ya simu karibu na tyubu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, draiva haisawazishi umeme, mwanga unakatika mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kichwa kinachoka. Kwenye mashine inayozunguka, kinu cha kusaga au gurudumu la cherehani, mwanga wa namna hiyo unaweza kuonyesha kitu kimesimama wakati kinakwenda mbio. Tyubu za choki zina tatizo hilohilo. LED nzuri imelimaliza, LED mbaya imelizidisha.

## Korosho inataka rangi

Mezani, ukubwa wa korosho nyeupe nzima huhesabiwa kwa idadi katika ratili moja, ndiyo maana ya W240 na W320. Lakini nyeupe na iliyobabuka hutenganishwa kwa jicho. Mwanga ukiwa na rangi mbovu, iliyobabuka kidogo inapita kama nyeupe, na mnunuzi anaigundua nje kwenye jua.

Kwenye tyubu ya zamani tafuta namba tatu ndogo zilizochapwa nchani. 765 maana yake uaminifu wa rangi uko kwenye sabini na kitu, na mwanga wa 6500K, ule mweupe wa kuelekea buluu. 865 ni themanini na kitu. LED kwa meza ya kuchambua isishuke chini ya 80, imeandikwa Ra80 au CRI 80, na 90 ikipatikana ni bora zaidi. Kwa 4000K macho yanatulia zaidi kwenye kazi ndefu kuliko 6500K, ingawa watu wetu wanapenda ile nyeupe kali kwa sababu inaonekana ina nguvu.

Nguvu yenyewe isome kwenye lumeni. Tyubu ya kawaida ya 36W ya bei ndogo hutoa kama lumeni 2,500, ya unga bora (ule uliopakwa ndani ya kioo) kama 3,300. LED ya 18W iwe na 1,800 au zaidi. Namba imeshuka, lakini floresenti inamwaga mwanga pande zote, nusu unakwenda kwenye bati na mgongo wa fitingi. LED inautupa chini. Mezani utapata sawa au zaidi, ila kuta na pembe za chumba zitakuwa na giza kuliko ulivyozoea. Darasani hilo ni tatizo, ubao uko ukutani. Ongeza taa moja mbele yake. Kwenye meza ya korosho ni faida, hasa ukiteremsha taa hadi kama mita moja na nusu juu ya mikono ya wachambuaji.

Na masika, kumbikumbi watapungua. LED karibu haitoi kabisa ile miali inayowavuta wadudu. Hawataisha, mwanga mweupe bado unawaita, lakini mtapunguza kufagia mabawa mezani.

## Zile zilizotolewa

Kila tyubu ya floresenti ina zebaki, miligramu chache, zile za zamani zaidi. Ikiwa nzima haina madhara. Ikivunjwa, na watoto wanapenda mlio wake, mvuke unatoka na unga mweupe unabaki sakafuni.

Ikivunjika ndani: toa watu, fungua milango, subiri kama robo saa. Usitumie ufagio, unasambaza. Kusanya kwa karatasi ngumu ukiwa na glavu, futa unga kwa kitambaa kibichi, tia vyote kwenye chupa yenye mfuniko. Isiende kwenye shimo la kuchomea taka, na isiende ufukweni. Zebaki ikifika kwenye tope la bahari, vijidudu huigeuza kuwa aina inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, na mkubwa ndiye tunayemla, papa na jodari. Minamata, mji wa Japani ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watu walikuwa wavuvi kama sisi, na zebaki ilitoka kwenye maji machafu ya kiwanda. Tyubu za kibanda kimoja ni tone ukilinganisha na kiwanda, na hapa nchini zebaki nyingi zaidi iko kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Bado sioni sababu ya kuongeza tone.

Mkataba wa dunia wa zebaki, uliopewa jina la mji huo na kupitishwa 2013, ulikubaliana katika mkutano wa Geneva wa 2023 kwamba tyubu ndefu za floresenti ziachwe kutengenezwa, kuingizwa na kusafirishwa: zile za unga wa bei ndogo baada ya 2026, za unga bora baada ya 2027. Anayenunua stoku ya floresenti sasa kwa ajili ya jengo jipya anajifungia kwenye kitu ambacho spea yake inatoka sokoni.

Boksi za LED mpya ni za urefu uleule, kwa hiyo usizitupe siku ya kufunga. Tyubu za zamani za 36W zirudishe humo moja moja, ziba ncha kwa tepu, zisimamishe kwenye kona kavu ya stoo palipo na kufuli, andika ZEBAKI juu yake, kisha ofisi ya mazingira ya halmashauri yako iulizwe zipelekwe wapi. Zile nene za wati 40 zina kipenyo cha milimita 38 na boksi hizo hazitazitosha. Zifunge tano tano kwa magazeti na kamba, uzilaze chini ya rafu ambako hakuna mtu wa kuzikanyaga.